Diski za Mstari Mweusi

Asajile Mwaisaka hakusalimia. Katika posta ya Kibumbe, mtu anayeingia bila salamu ama amelewa ama amefiwa, na Asajile hakuwa mlevi. Aliwapita watu wanne waliokuwa kwenye foleni, akafika dirisha la ukaguzi, akatua mezani kisomeo cha diski cha nyumbani kwake, kile kisanduku cha kijivu ambacho kwa sheria kila nyumba ina kimoja tu. Nyaya zake zilikuwa zimeng'olewa, na udongo wa ukutani bado umezishika.

"Mke wangu ameuawa na barua," alisema. "Na barua ina mhuri wako."

Nyuma ya dirisha alikaa Tusekile Mwandemele, mkaguzi wa diski, mama wa miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na moja hakuna diski iliyoingia bondeni bila kupita mikononi mwake. Alimjua Asajile, alimjua na Sekela mkewe, mwanamke wa mapafu mabovu na maneno matamu, aliyekuwa akija posta na chupa ya hewa mgongoni kuchukua diski zake za mwezi kutoka hospitali. Alishika ukingo wa meza, akamwomba Asajile aeleze. Asajile akaeleza kwa sauti ya chini, bila kulia, na wale wanne wa foleni wakasogea kusikiliza wala hawakuona haya.

Jana asubuhi mashine ya kupumulia ya Sekela, iliyoungwa kwa waya na kisomeo, ilisimama katikati ya pumzi. Haikuharibika, ilisimama tu, kisha kioo cha kisomeo kikawaka maandishi: huduma imesitishwa, soma mkataba mpya, weka dole gumba kukubali. Mtu mwingine angebandika dole na kuuliza baadaye. Lakini baba yake Asajile alipoteza shamba zima la chai kwa kubandika dole kwenye karatasi asiyoisoma, na kabla hajafa alimwapisha mwanawe asirudie ujinga ule. Basi Asajile alitafuta miwani, akasoma. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja. Ulisema kila kipimo cha mwili wa mgonjwa, kila pumzi na kila neno litakalosemwa mbele ya mashine, ni mali ya kampuni ya Nuruhai, yeye na watoto wake na wajukuu zake, na nyumba ile haitatumia mashine ya mtu mwingine milele. Alipofika ukurasa wa nne mkewe alikuwa amekwisha kukata roho.

"Nilikuwa nasoma," alisema. "Yeye anakufa, mimi nasoma."

Tusekile alimuuliza ni diski gani ya mwisho kuingia kwenye kisomeo kile. Asajile akaitoa mfukoni. Ilikuwa diski ya msiba wa Mwambungu, mzee wa kanisa, ina mstari mweusi pembeni, na juu ya mstari mhuri wa posta: IMEKAGULIWA. Tusekile aliipokea, akautazama mhuri wake mwenyewe. Diski ile haikuwa imekaguliwa, wala hakuna diski ya msiba iliyowahi kukaguliwa Kibumbe.

Tuseme ukweli bila kumwonea mtu. Tangu mwaka wa Ukimya, serikali ilipozima minara yote kwa sababu virusi vya kompyuta vilikuwa vimeshafunga mabwawa na hospitali, mashine haikuruhusiwa tena kuongea na mashine nyingine hewani. Kila kitu kilitembea kwa mkono, ndani ya diski, kupitia posta, na posta iliifungua kila diski na kuitazama faili kwa faili kabla ya kupiga mhuri. Isipokuwa ya msiba. Kilio cha wafiwa hakisikilizwi na mtu baki kabla ya ndugu, na anayethubutu huitwa mchawi, na jina hilo halitoki kwa sabuni. Zenye mstari mweusi zilipigwa mhuri kichwakichwa. Zikifika nyumbani, msiba haulali nyumba moja siku mbili: unafungua, unasikiliza na jirani, unatoa nakala, unapeleka nyumba tatu kabla jua la kesho halijazama. Asiyepeleka naye hupewa jina lilelile. Ndivyo habari ya kifo ilivyomaliza bonde zima kwa siku nne, bila waya, bila mnara.

Tusekile alimuuliza Asajile kama amekuja na diski ya Sekela ili ipigwe mhuri. Asajile alisema mkewe hatapita kwenye kitu kile tena. Atamtangaza kwa mdomo, mlango kwa mlango, hata kama itamchukua mwezi. Akaondoka, kisomeo akakiacha palepale mezani.

*

Saa nne asubuhi Tusekile alifunga dirisha lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia chumba cha mashine pweke. Mashine pweke ni kompyuta kuukuu isiyoungwa na kitu chochote, iliyowekwa pale ili diski mbaya ikifunguliwa iharibu hiyo peke yake. Alivaa vipokea sauti, akamwomba radhi marehemu Mwambungu kwa jina, akafungua.

Kilio cha wanawake, dakika tatu. Habari za marehemu, dakika nne. Halafu kimya, kile kimya cha wafiwa ambacho kila mtu hukiheshimu. Ndani ya kimya ndimo walimoificha. Ilikuwa programu fupi, safi, kazi ya mtu aliyesoma akashiba. Ilijiandika kwenye kisomeo, ikajiandika kwenye kila nakala iliyotolewa hapo, kisha ikalala kusubiri tarehe mosi ya mwezi ujao. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Saa ya nyumbani kwa Asajile ilikuwa mbele kwa siku kumi, maana radi iliizima wakati wa masika na yeye akaipanga upya kwa kukisia, na siku hizi hakuna mnara wa kuisahihisha. Sekela alikufa kwa kosa la saa. Wengine wangekufa kwa wakati.

Akatoa diski tupu za mstari mweusi kutoka stoo, zile ambazo hata hazijarekodiwa chochote. Nazo zilikuwa nayo. Hapo ndipo hasira ilipomshika, hasira yenyewe, ile inayoanzia miguuni. Miezi mitatu nyuma watu wa Nuruhai, wauza mashine wa mjini, walileta maboksi arobaini ya diski za msiba bila malipo, mstari mweusi umeshachapwa, wakisema ni rambirambi yao kwa wananchi. Meneja wa posta, Bwana Kajela, alizipokea kwa hotuba, soda na picha ya pamoja. Tusekile yumo katika picha ile, anapiga makofi. Watu wale waliwasoma wana wa bonde wakawajua. Waliona mlango mmoja usiofungwa kwa sababu ya heshima, wakapita hapohapo. Mwizi wa kawaida huvunja dirisha, ana adabu zake; hawa walikuja na kitambaa cha machozi mkononi.

Bwana Kajela alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaenda kufunga mlango. Alisema jambo hili ni zito na linataka utaratibu. Kutangaza sasa ni kuwaambia watu kwamba mhuri wa posta ni uongo, na ukishasema hivyo mara moja hakuna atakayefungua hata diski ya hospitali. Yeye ataandika makao makuu leo hii, na majibu yatakuja baada ya wiki tatu.

"Watu wana siku tisa," alisema Tusekile.

"Sisi ni posta, mama. Hatuwezi kwenda kasi kuliko barua."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemfariji. Tusekile alitoka mle ndani akiogopa mikono yake mwenyewe, maana juu ya meza ya meneja palikuwa na kifungulia barua cha chuma na alikuwa amekitazama kwa muda mrefu mno.

*

Ilimchukua siku mbili kuandika dawa. Haikuwa kazi ngumu. Kilichofungwa na mtu hufunguliwa na mtu. Mashine ya kwanza kutibiwa ilikuwa ya kaka yake, kwa kuwa waliishi nyumba moja. Gwakisa Mwandemele alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na nusu ya bonde ilipita mbele ya ubao wake, wengine kwa sifa na wengine kwa fimbo. Sasa mapafu yalikuwa yamemchoka, akaishi na mrija puani na mashine inayotoa mlio mdogo pembeni ya kitanda. Tusekile alipomaliza kuitibu alishukuru Mungu kwa sauti. Gwakisa alimuuliza za wenzake vipi.

Akamweleza. Alikuwa ameshajaribu. Alitengeneza diski za tangazo, akagawa thelathini, na jana amezikuta zinaning'inia mashambani kutishia ndege, kama watu wafanyavyo na kila tangazo la serikali. Alisimama sokoni akasema kwa mdomo. Watu walimsikiliza kwa heshima zote, kisha mama mmoja akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Kutembea nyumba kwa nyumba, kwa milima ile, angefika nyumba kumi kwa siku akijitahidi. Mwisho alimfuata Asajile makaburini kumwomba dawa ipite ndani ya diski ya Sekela. Asajile alimjibu maneno manne tu: mke wangu si bahasha.

Gwakisa alisikiliza hadi mwisho, uji ukipoa mkononi.

"Nyumba ngapi zina mashine?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Na msiba wa mtu anayejulikana unamaliza bonde kwa siku ngapi?"

"Nne."

"Basi hesabu imekwisha. Nitangaze mimi kuwa nimekufa."

Tusekile alimwambia aache uchuro. Gwakisa akamjibu kuwa uchuro ni tarehe mosi. Alimwambia amechanganyikiwa, akamwambia ni ubinafsi, akamwambia na mengine ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na Gwakisa akayaacha yapite kama alivyokuwa akiziacha kelele za darasa zijiishie zenyewe.

"Wale wamejificha kwenye kilio wakaingia nyumba za watu bila hodi," alisema Tusekile. "Nikijificha humohumo nitakuwa na tofauti gani nao?"

"Huenda usiwe nayo," alisema Gwakisa. "Lakini watu watakuwa wanapumua."

Inabidi ieleweke alichokuwa anakitoa. Kibumbe mtu anaweza kuoa mara mbili, akajenga mara tatu, akahama na kurudi, lakini msiba anao mmoja. Siku hiyo ndipo thamani yake inapoonekana: kuni zimefika mizigo mingapi, ndizi mikungu mingapi, nani ameshuka kutoka milimani na mvua ile. Gwakisa alikuwa amehudhuria misiba ya watu kwa miaka arobaini, hakukosa hata mmoja, na kila mtu alijua wake utakuwa mkubwa. Yeye mwenyewe alijua. Alikuwa akitania kwamba siku hiyo watakosa pa kukaa.

"Wangu nautoa," alisema. "Ni wangu, siuombi kwa mtu."

Tusekile alimchukia kaka yake kwa dakika nzima, kwa sababu alijua atakubali. Wakapanga uongo wao kama watu wanaopanga harusi. Mwalimu amefia Songea kwa binti yake na mazishi yamefanyika hukohuko. Matanga yatafanyika Kibumbe tarehe mbili, siku moja baada ya tarehe ya Nuruhai. Asubuhi ya tarehe mbili kila kisomeo kitasema chenyewe, kwa sauti ya Gwakisa, kwamba yu hai na kwa nini. Kukiri kukitangulia, nani atapeleka nyumba ya pili? Kwa hiyo maneno ya kukiri yalipaswa kulala ndani ya diski hadi siku yake. Tusekile aliandika mistari ya programu ya kulala, kusubiri na kuamka, na alipoisoma tena aliona ni ileile waliyoiandika watu wa Nuruhai, karibu neno kwa neno. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Kilikuwa kimebaki kilio. Alikaa mbele ya kinasa sauti, kanga kiunoni, akafungua mdomo, pakatoka sauti ya mtu anayeigiza. Akarudia mara nne. Mara ya tano alimfikiria yule mtu wa mjini aliyeketi kwenye kiti kizuri akasikiliza misiba ya watu, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mahali ambapo wote wananyamaza. Alipiga ukelele. Ulitoka tumboni, mrefu, hauna neno ndani yake, na mwishoni ukageuka kilio chenyewe na machozi yake. Kuku walikimbia uani. Gwakisa, kitandani, alifumba macho.

"Hapo umemaliza," alisema.

*

Alikabidhi nakala tatu kwa majirani watatu. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Kesho yake walianza kuja. Ingawa matanga yalikuwa bado, nani angengoja tarehe? Walikuja na kuni vichwani, na mikungu ya ndizi, na mvua juu yao. Tusekile alikaa mkekani akapokea pole. Chumba cha nyuma, mlango umefungwa na godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mlio wa mashine, Gwakisa alikuwa anapumua kidogokidogo na kusikiliza watu wakimlilia. Fundi seremala mmoja mwenye mvi alieleza jinsi Mwalimu alivyomchapa kwa kujumlisha vibaya, na kwamba hadi leo akipima mbao anaangalia nyuma. Mama mmoja alisema marehemu hakuwa na sauti ya kuimba lakini hakuna aliyethubutu kumtoa kwaya. Ukutani pakasikika kitu kama kikohozi, na Tusekile akalia kwa nguvu kukifunika.

Wageni walipopungua alimpelekea Gwakisa uji, akamkuta amegeukia ukutani. Alisema wamesema mengi mno na ameona aibu.

Kila mzigo wa kuni uliotuliwa uani ulimwongezea Tusekile hasira. Kwa Nuruhai, ndiyo, aliwachukia kwa majina yao na ya mama zao. Lakini pia kwa ajili ya ule uso wake alioushika mbele ya vikongwe waliotembea tangu alfajiri, wakamkumbatia, wakamwambia jikaze. Wale wa mjini walimfanya awe mwongo kwa watu wa namna hii. Hilo aliapa hatawasamehe, si hapa wala ahera.

Siku ya nne alifika Asajile. Hakuwa na kisomeo tena, habari ilimkuta kwa mdomo huko milimani alikokuwa anamtangaza mkewe, akatembea siku mbili. Alilia pale uani namna ambayo wanaume hawalii. Halafu akabeba mzigo wake wa kuni kuzunguka nyuma ya nyumba kuupanga, kama wanaume wafanyavyo msibani.

Nyuma ya nyumba aliusikia mlio. Mtu aliyelala kando ya mlio ule miaka sita hawezi kuufananisha na kitu kingine. Akasukuma mlango.

Tusekile alimkuta amesimama mbele ya kitanda, na Gwakisa ana bakuli mkononi. Alimweleza yote kwa kunong'ona, haraka, huku akisikia wanawake wanaimba upande wa pili.

"Sekela ana siku nane tangu akate roho," Asajile alisema Tusekile alipomaliza. "Siku mbili hizi nimetembea nikimlilia huyu. Machozi ya mke wangu nimeyamalizia kwa mtu anayekunywa uji."

Tusekile alitamani ampige, ingekuwa nafuu. Neno moja tu akilitoa uani, diski zingetupwa majalalani kabla ya jioni, na vijiji vya juu kabisa vilikuwa bado havijafikiwa na diski. Asajile alijua hivyo. Alitazama mashine, akautazama ule mwanga wake wa kijani kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akapanga kuni zake vizuri, kubwa chini na ndogo juu, akarudi mbele kuketi na wanaume. Alikaa hadi jua kuzama, macho makavu. Aliondoka bila kuaga.

*

Tarehe mosi ilipita kimya. Mashine mia nne na tisa zilipumua kama kawaida. Nyumba tatu hazikuwa zimefungua diski, maana wenyewe walikuwa na ugomvi wa zamani na Mwalimu, na humo kioo kiliwaka, kurasa kumi na moja, na watu wakabandika madole. Hao ni wa Nuruhai hadi leo, wao na wajukuu ambao hawajazaliwa.

Asubuhi ya tarehe mbili, watu wakijiandaa kwa matanga, visomeo vyote vilisema kwa pamoja. Ni mimi Gwakisa. Sijafa. Mlidanganywa kwa idhini yangu ili msiuawe, na aliyewadanganya nilimtuma mimi. Nyumba nyingine watu walipiga kelele wakakimbilia nje. Nyumba nyingine walicheka kwa furaha, kisha wakanyamaza wakikumbuka walivyolia. Wachache walikuja kumkumbatia. Wengi hawakuja. Hakuna aliyemtukana Tusekile njiani, walimsalimia tu na kupita, na Kibumbe ukiona hutukanwi ujue mambo yamekuwa mabaya.

Alipeleka maboksi ya Nuruhai kwa hakimu. Wakili wao, mtu mwenye sauti laini, hakubisha chochote. Aliomba tu zichezwe diski mbili, ya Mwambungu na ya Gwakisa, kisha akauliza mahakama ni ipi kati ya hizi imeficha programu ndani ya kilio. Zote mbili. Na ni ipi ambayo mtungaji wake anajulikana kwa hakika, kwa ungamo lake mwenyewe? Tusekile alisimama akasema sisi tuliponya. Wakili akamjibu kwamba hata wateja wake ni wauza tiba. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaifuta kesi nayo. Wiki ileile Bwana Kajela alimwandikia Tusekile barua ya kumwachisha kazi, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe ili asionekane mwoga.

Tangu hapo hakuna aliyefungua tena diski ya mstari mweusi. Zililetwa, zikaachwa vizingitini, zikanyeshewa. Mtu akifa, ndugu walitembea.

*

Gwakisa alifariki mwezi wa sita, baridi imeshika, saa moja asubuhi, katikati ya kumlaumu dada yake kwamba uji hauna chumvi. Mashine ilifanya kazi yake hadi mwisho. Mapafu ndiyo yaliyokataa. Tusekile aliizima mwenyewe, akautoa mrija puani, akampangusa uso, akamfunika hadi kifuani.

Hakugusa kinasa sauti. Alitembea kwa majirani watatu, akawaambia kwa mdomo. Walimtazama machoni, wakasema wamesikia.

Adhuhuri uani palikuwa pamejaa, na hadi barabarani. Walikuja, lazima isemwe. Hawakukosa. Fundi seremala alikuja, na yule mama wa kwaya, na watu wa milima ya karibu. Lakini walisimama uani, mizigo ya kuni bado vichwani, mikungu ya ndizi bado mabegani. Hakuna aliyetua mzigo. Hakuna aliyelia. Walimtazama Tusekile mlangoni, wakingoja.

Desturi ni kwamba dada wa marehemu huanzisha kilio, na wengine wakakipokea. Tusekile alifungua mdomo. Sauti ilikuwa tayari kifuani, ilikuwa inamuumiza. Ndipo alipokumbuka kwamba kilio chake wote wameshakisikia. Wanacho nyumbani, kila nyumba na nakala yake. Angelia sasa, wangetazamana tu. Akafunga mdomo.

Hasira ikamjia, ile ya miguuni, akaitafutia mtu. Nuruhai walikuwa mbali. Wakili alikuwa mbali. Waliokuwepo ni hawa waliolowa umande kwa ajili ya kaka yake, na hawa hakuweza kuwakasirikia hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisimama macho makavu, na ndani kaka yake amelala bila sauti hata moja juu yake.

Asajile Mwaisaka alijitoa kwenye kundi. Hakuwa amekanyaga uani pale tangu siku ile. Alipita mbele ya Tusekile bila kuomba ruhusa, akaingia ndani, na Tusekile akamfuata. Asajile aliinama juu ya kitanda, akaweka mgongo wa kiganja chini ya pua ya Gwakisa. Akakaa hivyo. Alikaa muda mrefu, kama mtu anayejua mwenyewe pumzi inaweza kuchelewa kiasi gani kabla ya kurudi. Akaweka kiganja kifuani, akangoja tena. Kisha akalivuta shuka taratibu hadi kidevuni, akalilaza vizuri.

Akatoka mlangoni kwa watu.

"Ni kweli," aliwaambia. "Lieni."